Ushauri wenu wakuu: nawezaje kuishawishi serikali iwe na kanzidata ya DNA ya wahalifu?

MkondoWaMto: Wakuu salaam. Kuna jambo linaninyima usingizi. Nimeandaa andiko la kuiomba serikali itunge sheria ya kanzidata ya vinasaba, ili polisi wakikuta damu au mate eneo la tukio walinganishe na kumbukumbu zilizopo. Hoja ninazo: Uingereza wana kanzidata ya taifa tangu 1995, na FBI kule Marekani wana yao. Mtu wa wizarani kaniambia niende, ila sijui nianzie kwa waziri au kwenye kamati ya Bunge. Wenye uzoefu nisaidieni, matusi hapana.

Bandubandu: Nimewahi siti ya mbele.

BabaWawili: Mkuu, DNA usiichezee. Mimi nilimpima wa pili kimyakimya. Majibu yakaja ni wangu, ila mama watoto akaikuta bahasha ndani ya soksi. Mpaka leo nikichelewa kurudi naambiwa "kapimwe na huko utokako." Mwambie waziri usiri kwanza.

MjaMwema: Wazazi tumeacha kulea, tunataka mashine zitulelee. Hofu ya Mungu haipimwi maabara.

KotiJeupe: Nani wa kumwona ni swali dogo. Kazi hii inaanzia mkononi mwa askari. Kijiti cha pamba chenye damu mbichi ukikifungia kwenye mfuko wa nailoni kinaota ukungu, na vinasaba vinaharibika kabla ya kufika maabara. Kinakaushwa, kinaingia bahasha ya karatasi, na kila anayekipokea anasaini. Ombea hayo bajeti, pamoja na vitendanishi (dawa za kupimia maabara) vya kila mwaka, maana utepe ukishakatwa hakuna anayevikumbuka. Ujerumani polisi walimsaka mwanamke mmoja kwa miaka kwa kuwa vinasaba vyake vilionekana kwenye matukio kibao, hata mauaji ya askari pale Heilbronn. Mwaka 2009 ikagundulika vijiti vyenyewe vilichafuliwa kiwandani. Sasa niambie: mtachukua sampuli za waliohukumiwa au za kila anayekamatwa? Na akiachiwa huru, zinafutwa?

MkondoWaMto: Kila anayekamatwa. Kufuta hatujaweka. Asiye na hatia aogope nini?

WakiliWaKijiweni: "Hatujaweka", wewe na nani? Hao hao Waingereza unaowasifu walishtakiwa, na mwaka 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema kuhodhi vinasaba vya watu ambao hawakutiwa hatiani ni kuvunja haki yao ya faragha. Kuwait walitunga sheria mwaka 2015 ya kuchukua vinasaba vya kila mtu, Mahakama ya Katiba ikaifuta 2017. Nani anakulipa?

MkondoWaMto: Mnapenda kuhoji watu nyie. Nimeuliza waziri au kamati.

WakiliWaKijiweni: Jibu kwanza.

MkondoWaMto: Haya. Ipo kampuni inayouza mashine na vifaa vya kuchukulia sampuli, ndiyo inayogharamia andiko. Ikiandikwa "kila anayekamatwa", vifaa vitaagizwa vingi, na mimi nina asilimia yangu kwa kila boksi. Ubaya uko wapi? Hata wewe wakili unalipwa na mteja. Na teknolojia si ya uongo: kule Uingereza ilimwokoa kijana aliyekuwa amekiri mauaji yasiyo yake, ndipo akapatikana muuaji mwenyewe, Colin Pitchfork, akafungwa 1988.

KotiJeupe: Malizia hadithi basi. Kanzidata haikuwepo. Wanaume wa maeneo yale waliombwa watoe damu kwa hiari, Pitchfork akamtuma mwenzake wa kazini atoe kwa jina lake. Alidakwa kwa sababu huyo mwenzake aliropoka baa.

Bandubandu: Kumbe kesi ilitatuliwa na baa. Na sisi tuombe bajeti.

JichoLaPembeni: Chai hii, tena haina sukari. Alianza na "nimeandaa", ikawa "hatujaweka", sasa kampuni. Mwenye miadi wizarani na asilimia mkononi atakuja kutuuliza sisi? Ama ametunga, ama anatufanyisha mazoezi: tumpinge hapa bure, akaandae majibu ya kwenda nayo kwa waziri. Koti na Wakili mmeshamwandikia nusu ya andiko.

MjaMwema: Mimi nilinusa mapema.

KotiJeupe: Hata kama ni chai, bahasha ya karatasi ni ya kweli.

MkondoWaMto: Aminini msiamini, shauri yenu. Wakili, tukiweka kwamba asiyetiwa hatiani anafutwa baada ya miaka mitano, itapita?

WakiliWaKijiweni: Hiyo mitano kaitaja nani, wewe au wenye maboksi?

BabaWawili: Samahani wakuu, hao wa maboksi wanauza hata moja moja?

MkondoWaMto: BabaWawili njoo PM.