Naomba ushauri: samaki klauni wangu amebaki bila mwenzake

Ndugu wafugaji wa samaki wa mapambo, habari zenu. Kwa miaka 3 nimefuga jozi ya samaki klauni, aina ya Amphiprion ocellaris, katika tangi la lita 200, hadi wiki iliyopita jike, aliyekuwa mkubwa zaidi, alipokufa. Dume amebaki akizungukazunguka kwenye anemoni yake (mnyama wa baharini mwenye minyiri ambamo samaki hawa hujihifadhi), na kumtazama kunanihuzunisha sana.

Ninaelewa kwamba samaki hawa hukomaa kwanza wakiwa madume, kwamba katika kundi ni mmoja tu, yule mkubwa kuliko wote, anayekuwa jike, na kwamba akitoweka, dume wake hugeuka kuwa jike huku mdogo anayemfuata akikua na kushika nafasi ya dume. Watafiti Hans na Simone Fricke walilieleza jambo hili mwaka 1977. Ubabe hujitokeza mapema, lakini viungo vya uzazi huchukua wiki au miezi kubadilika, na akishakuwa jike harudi tena kuwa dume.

Hapo ndipo penye hofu yangu, kwa kuwa majike wawili katika tangi moja hupigana hata kuuana. Nafikiria kununua kinda asiyefikia nusu ya ukubwa wa huyu. Je, nimwingize sasa, au nisubiri? Je, nimtenge kwanza kwa kizuizi chenye matundu, na kwa siku ngapi? Na mdogo akitetemesha mwili mbele ya mkubwa, jambo ambalo ni ishara ya utii, je, hilo latosha kuniruhusu kuondoa kizuizi?