Mnatutoza 500 kwa mchezo, halafu ukingo wa meza umekufa?

Ndugu wanajukwaa, mniwie radhi kwa ukali, lakini hasira ninayo tangu Jumamosi. Timu yetu ya pool ilialikwa katika baa moja ya Tabata, ambayo sitaitaja, tukafungwa. Kufungwa si neno. Neno ni ule ukingo mrefu wa kushoto, ambao kila mpira ulioufikia ulinywea pale pale kama uliotua kwenye godoro, ilhali kingo nyingine tatu zilirudisha mipira kama kawaida. Wenyeji walikuwa wakiukwepa tangu mchezo wa kwanza. Sisi tuliugundua tukiwa tumeshachelewa.

Nilipouliza, mwenye meza alinijibu kwamba fundi amebadilisha raba ya ukingo hivi karibuni, na kwamba raba ni raba. Si kweli hata kidogo. Niliomba rula kaunta, nikapima kutoka kwenye kitambaa hadi ncha ya raba, nikapata milimita 36. Hicho ni kimo cha meza kubwa za futi 9, ambazo mipira yake ina kipenyo cha milimita 57, kwa kuwa ncha ya raba hutakiwa kuugusa mpira juu kidogo ya katikati, kwenye asilimia 63 hivi ya kimo chake. Meza ile inachezewa mipira ya milimita 51, na nyeupe, ule unaopigwa kwa fimbo, ni mdogo zaidi ili mashine ya tokeni iweze kuitenga na kuirudisha inapotumbukia. Ncha ilipaswa kuwa milimita 32. Ikipanda hadi 36, raba haiusukumi tena mpira kurudi, bali inaukandamiza kwenye kitambaa, na mwendo wote unafia hapo. (Ikishuka mno, mpira huruka, na lawama humwangukia mpigaji.)

Milimita 4 tu, mtasema. Hizo ndizo zilizoua benki ya mpira mweusi (yaani kuugongesha ukingoni kwanza ili urudi shimoni) katika mchezo wa mwisho, kwa pembe ambayo mwenzetu huipiga kila siku.

Waandaaji nao wakajitetea kwamba asubuhi walipiga nyeupe kwa nguvu, ikakata urefu wa meza mara 4 bila kuruka, hivyo meza ni nzima. Kipimo hicho ni kizuri, nami nakitumia, ila jamani, kinagusa kingo fupi pekee! Ukingo mbovu ulikuwa mrefu.

Sidai kwamba meza zote zifanane. Kitambaa kipya huufanya mpira uteleze na kutoka ukingoni kwa pembe pana zaidi, unyevu wa masika hapa Dar es Salaam huifinya pembe hiyo, na mchezaji mzoefu huyasoma hayo kwa mipigo miwili mitatu. Lakini meza ambayo ukingo mmoja haufanani na wenzake haisomeki, na ni dharau kumtoza mtu shilingi 500 kwa kila mchezo huku ukimpa fundi raba yoyote iliyopatikana dukani, bila hata kurekebisha mbao inayoishikilia.

Marudiano ni Jumamosi ijayo, meza ile ile. Nimewaandikia waandaaji kwamba hatutashika fimbo kabla ncha za kingo zote hazijapimwa mbele ya manahodha wote wawili. Hadi naandika haya, hawajajibu.