Wanafunzi wanatia kivuli upande usiotakiwa: niwaandaeje kwa jaribio la grafu?

Mwalimu wa Nachingwea

Ndugu walimu wenzangu, salaam. Ijumaa wanafunzi wangu wa sekondari watafanya jaribio fupi la grafu na kutolingana, yaani hesabu zenye alama ya "kubwa kuliko" au "ndogo kuliko" badala ya sawasawa. Mstari wanauchora vizuri, lakini ikifika zamu ya kutia kivuli upande wenye majibu, zaidi ya nusu ya darasa hukosea. Jana niliwapa x − y > 2. Walipata pointi (2, 0) na (0, −2) ambapo mstari unakata mihimili, wakaziunganisha kwa rula, kisha wengi wakatia kivuli upande wa juu. Nilipouliza sababu, binti mmoja alinijibu bila kusita kwamba alama ni ya "kubwa kuliko", kwa hiyo jibu lazima liwe juu. Nimebakiwa na vipindi viwili. Nianzie wapi?

Mstaafu, Mikindani

Mwalimu, huyo binti amekuonyesha tatizo lenyewe, na inafaa umshukuru. Kanuni ya "kubwa ni juu" ni ya uhakika pale y inapobaki peke yake upande wa kushoto, bila alama ya kutoa mbele yake. Hapa y imetolewa. Ukiitenga unapata y < x − 2, na eneo linakuwa chini ya mstari. Ningekuwa mimi, juma hili kanuni hiyo ningeiweka kando kabisa na kuwazoeza kupima pointi. Mwanafunzi achukue (0, 0) na kuiweka katika swali: 0 − 0 ni 0, je, 0 ni kubwa kuliko 2? Hapana. Basi upande ulio na (0, 0) hautakiwi, na jibu liko ng'ambo ya mstari. Wafanye hivyo ubaoni, mmoja mmoja, kwa sauti, hata kipindi kizima kikiisha. Mstari ukipita kwenye (0, 0) penyewe, kama katika y < 2x, wachague pointi nyingine, kwa mfano (1, 0). Suala la mstari wa vipandevipande kwa < na >, na mstari kamili kwa ≤ na ≥, litakutosha dakika tano.

Mwalimu wa Lindi mjini

Shikamoo mzee wangu. Naomba kuongeza jambo la maneno, kwa sababu wanafunzi wangu huangukia hapo kabla hata hawajashika rula. Maswali yao huandikwa kwa Kiingereza, na neno lenye maana ya "angalau" linafanana masikioni mwao na lile la "pungufu", kwa hiyo huandika alama kinyume. Mimi huwataka waliseme swali kwa Kiswahili kwanza. Huwapa mashua ya kuvuka kwenda Kitunda, ambayo mzigo wake usizidi kilo 600, ikiwa na magunia x ya chumvi ya kilo 50 na ndoo y za kilo 20. Tunapata 50x + 20y ≤ 600, yaani 5x + 2y ≤ 60, na mstari unakata mihimili kwenye 12 na 30. Magunia 6 na ndoo 10 ni kilo 500, mashua inaondoka. Magunia 10 na ndoo 10 ni kilo 700, nahodha anakataa. Hapo hakuna anayeuliza kwa nini hatutii kivuli chini ya mhimili wa x, kwa maana hakuna mtu anayepakia ndoo pungufu ya sifuri.

Mwalimu wa Nachingwea

Nawashukuru sana. Je, vipi kuhusu maswali yanayotaka kivuli kiwe kwenye eneo lisilotakiwa?

Mstaafu, Mikindani

Wapime pointi vilevile, kisha waandike herufi R ndani ya eneo la majibu kabla ya kutia kivuli popote. Herufi ikishakaa mahali pake, kalamu hufuata maelekezo ya swali, na wewe unayesahihisha utaona mara moja kama kosa ni la hesabu au la kusoma.

Mwalimu wa Nachingwea

Nimeelewa. Kesho nitaanza na x − y > 2 ileile, na pointi ya kwanza ataipima yule binti.