Robo toni za Rasti na Bayati kwenye sintesaiza ya kompyuta

Kinanda_cha_Unguja

Asalaam aleikum ndugu zangu. Napiga kinanda katika kikundi cha taarab, pamoja na kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa), udi na fidla, na sasa natumia sintesaiza ya Surge XT kwenye kompyuta kwa kuwa ni programu huria isiyodai malipo. Tunapoingia kwenye Rasti, ambayo ni maqam, yaani mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu, wenzangu huiteremsha noti ya E kwa robo toni, lakini kinanda changu hubaki kwenye E ya kawaida na sauti zetu hugombana waziwazi. Kwa sasa naiteremsha kwa gurudumu la kupindia sauti, ila nikishika noti mbili kwa pamoja, zote hushuka. Je, ipo njia ya kuifanya noti hiyo peke yake ikae mahali pake? Na je, nitengeneze sauti ya namna gani ili robo toni isikike safi? Nyingi nilizozijaribu ni kama zimetandwa na ukungu.

Fundi_Mitambo

Waaleikum salaam. Gurudumu hilo huathiri chaneli nzima ya MIDI, yaani njia inayopeleka noti za kinanda kwenye programu, ndiyo maana noti zote hushuka pamoja. Unachokihitaji ni faili la skeli, yaani orodha ya noti na mahali pa kila moja, lenye kiishio cha .scl, ambalo Surge XT hulisoma moja kwa moja: ukishaliandika, liburute tu na kuliachia juu ya dirisha la programu.

Faili hili ni maandishi ya kawaida. Mstari wa kwanza ni maelezo, kwa mfano «Rasti ya C», na wa pili ni idadi ya noti, yaani 12. Kisha huja noti zenyewe kwa senti, ambapo nusu toni moja ni senti 100 na oktava nzima ni 1200, kila moja katika mstari wake: 100.0, 200.0, 300.0, 350.0, 500.0, 600.0, 700.0, 800.0, 900.0, 1000.0, 1050.0, na mwisho 2/1, ambayo ndiyo oktava. Noti ya kuanzia haiandikwi. Utaona kwamba E imekaa kwenye 350 badala ya 400, na B kwenye 1050 badala ya 1100, huku vidole vyako vikibaki palepale ulipozoea.

Zingatia sana nukta. Ukiandika 350 bila nukta, programu huisoma kama uwiano wa 350 kwa 1, na noti hiyo itaruka juu kupita kiasi. Ikiwa kanuni yenu haifuati A ya herzi 440, tengeneza pia faili la .kbm, ambamo utataja noti ya marejeo na masafa yake.

Mshika_Kanuni

Maelezo ya ndugu hapo juu ni sahihi, lakini naomba 350 ichukuliwe kuwa mahali pa kuanzia tu. Wapigaji hawaigawi oktava katika robo 24 zilizo sawa, na suala hilo lilizua mabishano makubwa kwenye kongamano la muziki wa Kiarabu lililofanyika Cairo mwaka 1932. E ya Rasti kwa kawaida hukaa juu kidogo kuliko E ya maqam Bayati inayoanzia D. Ukiandika 355.0 kwa Rasti na 345.0 kwa Bayati, tofauti hiyo ndogo itasikika, hasa mwimbaji anapotua kwenye noti hiyo na kuivuta.

Kwa hiyo usichukue tarakimu kutoka mtandaoni ukaishia hapo. Mwombe mpiga kanuni wenu akupigie noti hiyo peke yake, uipime kwa kipima sauti cha simu, kisha uandike kipimo hicho kwenye faili. Kikundi kingine kitakuwa na kipimo kingine, na hapo hakuna aliyekosea.

Mhariri_wa_Mawimbi

Nitajibu swali la ukungu, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Sauti nyingi zinazokuja na programu hutumia sauti kadhaa zilizopishanishwa kidogo ili zionekane pana. Zikipishana senti 20 kila upande, upana wake ni senti 40, wakati robo toni yenyewe ni 50 tu. Sikio halina tena pa kuishika. Punguza ziwe sauti moja, zima athari ya korasi inayoinenepesha sauti, na mtikisiko uweke mwembamba sana au uuache kabisa.

Kisha angalia wimbi lenyewe. Wimbi la msumeno lina sauti tanzu nyingi zenye nguvu, yaani sauti za juu zinazolia ndani ya noti moja kwa mara 2, 3, 4 na kuendelea za masafa yake. Ukishika C ya katikati pamoja na E iliyoteremshwa, sauti tanzu ya 5 ya C huangukia kama herzi 1308, na ya 4 ya E kama herzi 1281. Zinakaribiana bila kukutana, na mkwaruzo unaousikia hutoka hapo. Ama fuata melodi moja kama zifanyavyo kanuni na fidla, ukiweka chini yake C na G tu, ama shusha kichujio kiondoe sehemu kubwa ya sauti zilizo juu ya herzi 1200. Mimi hupenda wimbi la pembetatu, lenye mwanzo wa ghafla na kufifia kwa haraka, kwa sababu linaiachia kanuni nafasi ya kung'ara.

Kinanda_cha_Unguja

Nawashukuru sana. Limebaki moja: wimbo ukihama kutoka Rasti kwenda Bayati katikati, nibadilishe faili huku napiga?

Fundi_Mitambo

Hilo lina dawa yake, nayo ni MTS-ESP, mfumo wa kushirikisha skeli moja kati ya programu kadhaa. Programu moja huwa kiongozi na kushikilia skeli, na sintesaiza zote zinazoielewa, Surge XT ikiwemo, huifuata papo hapo. Andaa skeli zote mbili mapema, uibadilishe kwa kiongozi wakati mpiga kanuni anapogeuza vibano vyake vinavyopandisha na kushusha noti za nyuzi. Fanyeni mazoezi ya mpito huo bila mwimbaji kwanza, kwa mwendo wa polepole, mkisikiliza E peke yake.