Mama mkwe ananipa maziwa na siagi, na sasa kuna vidonge kutoka Gujarat, India. Nitumie kipi, niache kipi?

mama_kijacho, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nina mimba ya miezi minne na kidogo, ya kwanza. Mimi ni Mzigua wa Handeni, mume wangu ni Mhindi wa hapa hapa mjini, babu yake ndiye aliyehamia kutoka Gujarat. Tunaishi na mama yake Upanga. Mama mkwe ananipenda na ananihudumia vizuri, nalisema mapema ili asije mtu akamsema vibaya.

Tangu alipojua nina mimba, kila asubuhi ananiletea glasi ya maziwa yenye iliki na zafarani. Mwezi huu ameanza kunipa na siagi nyeupe anayoipiga mwenyewe, kijiko kizima, na amesimama pale mpaka niimalize. Anasema kila mwezi wa mimba una chakula chake, ndivyo Ayurveda, tiba ya kale ya Kihindi, inavyotaka. Hilo sina shida nalo, tena kichefuchefu kimepungua.

Sasa dada yake amefika kutoka Rajkot na mzigo. Kuna unga wa mizizi wa kukoroga kwenye maziwa, mfuko hauna jina. Kuna vipande vya mti mtamu wa kutafuna. Na kuna kichupa cha vidonge vidogo vyekundu, lebo imeandikwa Garbhapal Ras, naambiwa ni vya kulinda mimba isitoke, nimeze viwili asubuhi na jioni mpaka nijifungue. Bado sijaanza.

Kliniki nahudhuria na nimepewa vidonge vya kuongeza damu. Nesi sijamuuliza, naona atanikataza kila kitu kwa mkupuo, na mimi sitaki kukataa mkono wa mama mkwe bila sababu ya kueleweka. Mwenye ujuzi wa mambo haya anisaidie.

mkunga_mstaafu, Tanga

Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Kichupa hicho kifunge, kiweke mbali, usimeze hata kidonge kimoja. Mengine tutayazungumza taratibu, hilo halina kusubiri.

Mimi nimezalisha mpaka nikastaafu. Bibi yangu mzaa baba aliletwa Tanga kutoka Kathiawar, huko huko Gujarat, akiwa bibi harusi, na utaratibu huo wa mwezi kwa mwezi niliusikia jikoni kwake kabla sijasomea ukunga. Baadaye nilipopata tafsiri ya kitabu cha Charaka, mganga wa kale wa India, nikaukuta humo humo. Mwezi wa kwanza ni maziwa matupu yaliyopoa. Wa pili, maziwa yaliyochemshwa na mizizi mitamu. Wa tatu, maziwa na asali na samli, na hapo bibi alikuwa mkali: asali na samli zisilingane uzito, na asali isipikwe. Wa nne ni siagi ya maziwa, kipimo kinaitwa aksha, kama gramu 12, ndicho hicho kijiko chako. Wa tano samli. Wa sita na wa saba, samli iliyopikwa na ile mizizi mitamu. Wa nane, uji wa mchele kwa maziwa na samli. Kwa hiyo mama mkwe wako hajabuni kitu, anafuata mambo ya kale sana na anayafuata sawasawa.

Na mengi ya hayo ni chakula tu, tena chakula chema. Mwanzoni, tumbo likiwa halitulii, unapewa vya kunywa, vya baridi, visivyo na pilipili. Mtoto anapoanza kukua unaongezewa mafuta na nguvu. Mwishoni, tumbo likibanwa, unarudishiwa uji laini. Mtu aliyepanga hivyo alikuwa amekaa na wajawazito akawatazama. Charaka huyo huyo anasema mjamzito atunzwe kama chombo kilichojaa mafuta hadi ukingoni, kibebwe kisitikiswe. Ametaja kabisa vyombo vya kupanda vinavyorusharusha kuwa si vya mjamzito, pamoja na kushinda njaa, kubana haja na kunywa dawa za kuharisha. Ukisoma hapo unafikiria bodaboda za barabara za vumbi, na mimi mjamzito akiniuliza kuhusu bodaboda jibu langu ni hilo hilo.

Lakini mwanangu, yako mambo manne ya kurekebisha, na nakuomba uyafanye.

Maziwa yachemke kwanza, hata kama utayanywa baridi. Maziwa mabichi yanaleta homa ya brusela, na kwa mjamzito inaweza kutoa mimba. Bibi alichemsha kila tone.

La pili ndilo naliona likiwapita wengi. Vidonge vya damu usivimeze pamoja na hayo maziwa, wala na chai. Maziwa na chai vinazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Umekunywa glasi ya mama mkwe saa moja asubuhi, basi kidonge kiwe usiku kabla ya kulala, na maji au juisi ya chungwa au ndimu. Vidonge hivyo vina chuma na foliki, na glasi ya maziwa haiwezi kushika nafasi yake, maana maziwa karibu hayana chuma. Nimepokea akina mama wa familia bora kabisa, wamelishwa samli na lozi miezi yote, viganja vyeupe, damu hakuna. Hawakuwa na njaa. Walikuwa wamekunywa kidonge na maziwa kila siku kwa nia njema.

Hapo hapo niseme na hili: kama nyumba hiyo haipikwi nyama, wewe uliyezoea dagaa na samaki usiviache. Kula kwa mama yako, kula kazini, popote. Na wakikuambia Ayurveda inakataza, waambie kwa heshima kwamba Sushruta, mganga mwingine wa kale wa Ayurveda, anapotaja chakula cha mwezi wa nne, ametaja na nyama ya wanyama wa porini, pamoja na wali na mtindi. Kutokula nyama ni desturi ya dini na ukoo wao, nayo naiheshimu, lakini si sharti la kitabu cha uzazi.

La tatu, huo mti mtamu. Nina hakika ni urukususu. Kwenye Ayurveda unahesabiwa katika mizizi mitamu ya mjamzito, najua, na bibi alikuwa nao kwenye kopo. Leo tunajua kwamba ukitafunwa mara kwa mara unapandisha presha na kushusha potasiamu mwilini. Mjamzito asiutafune. Unga usio na jina nao uweke. Huenda ni shatavari, mizizi ya mmea wa jamii ya asparaga, na huenda ni kitu kingine, hakuna anayeweza kukuambia kwa kutazama. Ukiona kimeandikwa ashwagandha, hicho kabisa si cha mjamzito.

La nne ni la mbele, nalisema sasa kwa kuwa mwezi wa sita hauko mbali. Sushruta anataka mwezi huo mama apewe samli au uji uliopikwa na gokshura, na huo ni mbigili huu huu unaotuchoma miguu mashambani. Watu huutoa kwa sababu miguu ya mjamzito inavimba, na mbigili unasifiwa kwa kukojoza. Nilimpokea mama mmoja aliyekunywa maji ya mbigili nyumbani kwa muda, kila uvimbe ukizidi anaongezewa. Alipofika kwetu uso umejaa, pete haitoki kidoleni, kichwa kinamuuma, anaona vimulimuli. Presha ilikuwa juu sana na mkojo una protini. Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni. Tulimwahi, yeye na mtoto. Hakudhurika na mbigili, alidhurika na muda uliopotea akiunywa. Kwa hiyo ukivimba uso au mikono, kichwa kikauma bila kuacha, macho yakafifia, au ukaumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, usiongoje uji wa mtu yeyote. Nenda ukapimwe presha siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mwezi wa tisa vitabu vinataka mama aingiziwe mafuta kwa njia ya haja kubwa, na pamba yenye mafuta iwekwe ukeni ili njia ilainike. Ukiambiwa hilo, kataa. Unaweza kupasuka chupa au kupata maambukizi. Kupakwa mafuta ya nazi mgongoni na miguuni sina neno nalo.

Kuhusu vidonge namwachia mfamasia, najua yuko humu.

mfamasia_wa_ziwa, Mwanza

Shikamoo mama. Nimeona.

Dada, Garbhapal Ras si jina la kampuni, ni jina la dawa ya kale, na viungo vyake vinajulikana. Kuna tangawizi, mdalasini, iliki, pilipili mtama, giligilani. Na kuna naga bhasma, vanga bhasma na hingula. Naga bhasma ni madini ya risasi yaliyochomwa mara nyingi mpaka yakawa jivu. Vanga ni bati. Hingula ni madini ya zebaki, mara nyingi ndiyo yanayotoa huo wekundu. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii uchafu ulioingia kiwandani kwa bahati mbaya. Risasi imo kwa mujibu wa mapishi yenyewe.

Utaambiwa kwamba ikichomwa inatakasika. Risasi ni elementi, moto hauiondoi. Inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na inaharibu ubongo unaojengwa. Kwa mama inakaa kwenye mifupa miaka mingi, na wakati wa mimba, mwili unapovuta kalsiamu kutoka mifupani, risasi nayo inatoka. Mwaka 2012 idara ya afya ya jiji la New York ilieleza kuhusu wajawazito 6 waliokutwa na risasi nyingi kwenye damu, wote walikuwa wakitumia dawa za Ayurveda kutoka India. Na utafiti uliochapishwa 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zinazouzwa kwenye intaneti, karibu moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Kwenye lebo yoyote, ukiona neno bhasma, ras, parada (yaani zebaki), naga au hingula, usimeze. Na kama ndani ya nyumba hiyo kuna mwingine anayevitumia, hasa mwenye mimba au anayenyonyesha, amwambie daktari waziwazi ili damu ipimwe risasi.

Wazo la pembeni: manjano ya unga yenye rangi kali kupita kiasi usinunue. Bangladesh waligundua risasi kwenye damu za wajawazito ilitokana na manjano yaliyopakwa rangi ya risasi. Hapa kwetu manjano mabichi yapo sokoni, twanga mwenyewe.

binti_darajani, Unguja

Mimi nimeolewa ukoo kama huo, nina watoto wawili. Usiogope shoga, mengi ni matamu. Mwezi wa tano wifi yako atakufunga uzi mkononi, mwezi wa saba watakukalisha kwenye kiti cha mbao na sari mpya, wanawake wote wa ukoo wanakutilia mchele na nazi kwenye mapaja, kuomba mtoto afike salama. Mwalike na mama yako mzazi akae karibu, mimi mama yangu alikaa na wakaelewana siku ile ile.

Baada ya kujifungua ndipo utakapoona kazi. Watakupikia katlu, vipande vya samli, sukari guru, unga wa ngano, gundi ya mti ya kula na viungo thelathini na viwili vilivyosagwa. Ni vizito, kipande kimoja kinatosha asubuhi nzima. Na uwatu, ambao sisi pia tunampa mzazi. Uwatu wangu mimi niliuacha mpaka nilipojifungua, ndivyo mkunga alivyoniambia.

mkunga_mstaafu, Tanga

Ndivyo, uwatu wa kwenye mchuzi si neno, lakini ule wa kukoroga kikombe kizima usubiri baada ya uzazi. Na gundi hiyo inywewe na maji mengi, la sivyo inafunga choo, na mzazi mwenye mshono choo kikifunga ni mateso.

mama_kijacho, Dar es Salaam

Nawashukuru mno. Nimezungumza na mume wangu kwanza, kisha yeye ndiye aliyemweleza mama yake kwa Kigujarati, akamsomea alichoandika mfamasia kuhusu naga na hingula. Mama mkwe ameshtuka. Kumbe maneno hayo anayajua, ila maandishi ya kwenye lebo ni madogo na miwani yake haisomi. Kichupa amekichukua mwenyewe kwa dada yake, na nimesikia wakisemezana kwa muda.

Maziwa tumekubaliana yawe asubuhi na kidonge cha damu usiku na ndimu. Ila ameuliza swali moja ambalo sina jibu: je, siagi iendelee hivi hivi mwezi wa tano au abadilishe iwe samli? Na mimi naongeza uzito haraka.

mkunga_mstaafu, Tanga

Abadilishe, asiongeze. Kijiko kimoja cha samli badala ya siagi, kwenye dengu au wali, na ladu, zile tamutamu za mviringo za samli, ziwe za siku ya sherehe. Uzito wako waandike kwenye kadi kila unapokwenda kliniki, na uombe kupimwa sukari kwenye mkojo au damu kama unapanda kwa kasi. Mama mkwe aende nawe siku moja akaone mtoto anavyosikilizwa mapigo. Nisalimie sana, mwambie ni mjukuu wa Kathiawar.