Wakuu, mnatumia mbinu na viendelezi gani kuperuzi haraka bila vichupo kuwazidi?

Mdau_Msomaji:
Habari zenu wakuu. Kazi yangu sehemu kubwa ni kusoma na kukusanya taarifa mtandaoni, kutwa nzima niko kwenye kivinjari, sasa shida vichupo (tabs) vinajaa mpaka majina yake hayasomeki vinabaki vialama tu, nikitaka kurudi kwenye ukurasa fulani inabidi nifungue kimoja kimoja hadi niupate. Halafu laptopi yenyewe ina RAM ya 4GB, ikifika mchana inakuwa nzito balaa. Natumia Chrome zaidi ila Firefox nayo ipo. Naombeni mbinu zenu na viendelezi (extensions, vile viprogramu vya kuongeza kwenye kivinjari) mnavyoviamini, maana nikiingia dukani kwao naona vimejaa na kila kimoja kinajisifia sijui nishike kipi.

KibodiKwanza:
Karibu mkuu. Mimi nakushauri kabla hujapakua chochote jifunze vitufe, humo ndo kuna mwendo. Ctrl + Shift + T inarudisha kichupo ulichofunga kwa bahati mbaya, ukirudia kinarudi cha kabla yake, na hata dirisha zima ulilolifunga linarudi. Ctrl + L inakupeleka pale juu unapoandika anwani bila kugusa mausi. Ctrl na namba 1 hadi 8 inakupeleka kwenye kichupo cha namba hiyo, ila 9 inakwenda cha mwisho hata kama viko ishirini. Ukishika Ctrl ukabofya linki inafunguka nyuma huku wewe unaendelea kusoma, hiyo kwa mtu anayefanya utafiti ni dawa kabisa.

Na kwa shida yako ya kutafuta kichupo kilichopotea: kwenye Chrome bonyeza Ctrl + Shift + A, inakuja orodha ya vichupo vyote, andika neno moja la kichwa cha habari unakiona hapo hapo. Kwenye Firefox unaandika alama ya % kule kwenye anwani, unaacha nafasi, halafu neno lako. Anayetumia Mac aweke Cmd badala ya Ctrl kwa nyingi ya hizi.

Mdau_Msomaji:
Dah hiyo ya Ctrl + Shift + A nimeijaribu sasa hivi, kweli kabisa! Asante sana mkuu. Vipi kuhusu uzito wa mashine, kuna mtu aliniambia nitafute kiendelezi cha kulaza vichupo nisivyotumia, yaani vibaki wazi ila visile RAM.

Fundi_Mtandao:
Hapo ngoja nikusimamishe kidogo ndugu yangu. Kulaza vichupo siku hizi kumo ndani ya kivinjari chenyewe. Chrome nenda kwenye mipangilio, sehemu ya utendaji, washa kiokoa kumbukumbu, na kuna mahali pa kuorodhesha tovuti usizotaka zilazwe. Ukitaka kujua nani anakula RAM bonyeza Shift + Esc, inafunguka orodha ya vichupo na viendelezi kila kimoja na kiasi anachokula, mara nyingi utakuta mlafi ni mmoja au wawili, unavizima maisha yanaendelea. Kwenye Firefox andika about:unloads pale kwenye anwani, unaweza kulaza mwenyewe kimoja baada ya kingine.

Nasema hivi kwa sababu kulikuwa na kiendelezi maarufu sana cha kazi hiyo hiyo, The Great Suspender, kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 aliyekitengeneza akakiuza kwa mtu asiyejulikana, na Februari 2021 Google wakakiondoa dukani na kukizima kwenye kompyuta za watu kwa kuwa kilikuwa na programu hasidi. Watu hawakupakua kitu kipya, ni kile kile walichokiamini, kimebadilisha mwenyewe tu na sasisho likaingia kimya kimya. Kwahiyo kila ukiweka kiendelezi soma kinaomba ruhusa gani, kikisema kinataka kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote maana yake kinaweza kuona kila unachokiona, mpaka kurasa za benki. Usiweke kumi. Weka vitatu vinne unavyovijua, na usivyovitumia vitoe.

Bi_Tafuta:
Naungana na Fundi kwa asilimia zote. Mimi ninavyo viwili tu, uBlock Origin ya kuzuia matangazo na Bitwarden ya kutunza nywila. uBlock inapunguza matangazo na vifuatiliaji (vile vinavyofuatilia unachofanya mtandaoni) kabla havijashuka, kwahiyo kurasa zinafunguka haraka na bando nalo linapumua. Ila mdau ujue hili, Chrome walibadilisha mfumo wa viendelezi kwenda Manifest V3 na ile uBlock Origin yenyewe haifanyi kazi tena huko, imebaki uBlock Origin Lite ambayo inasaidia lakini haina nguvu zote. Ukitaka kamili iko Firefox, na uzuri Firefox ya simu za Android nayo inaikubali. Kwa mtu anayesoma kutwa mimi ningehamia Firefox kwa hiyo sababu peke yake.

Halafu mbinu ninayoipenda kuliko zote ambayo watu hawaigusi: unaweza kuipa tovuti neno lako fupi la kutafutia. Kwenye Chrome nenda mipangilio ya injini za utafutaji, ongeza tovuti, weka anwani yake ya utafutaji na pale panapokaa neno unaweka %s, halafu ipe jina fupi mfano w kwa Wikipedia. Kuanzia hapo unaandika w, unabonyeza nafasi, unaandika unachotaka, Enter, umefika, hupiti Google wala ukurasa wa mwanzo. Ukiwa na tovuti tano unazotafuta kila siku utanishukuru.

Mdau_Msomaji:
Dada hiyo ya w naifanya leo leo. Swali la mwisho wakuu, kurasa ninazotaka kusoma baadaye mnaziweka wapi? Ndo zinazonifanya nisifunge vichupo.

KibodiKwanza:
Ukimaliza mada moja bonyeza Ctrl + Shift + D, vichupo vyote vya dirisha hilo vinaingia kwenye folda moja ya alamisho (bookmarks), ipe jina la mada na tarehe, funga dirisha lote bila woga. Kila mada ifungulie dirisha lake toka mwanzo ili zisichanganyikane.

Fundi_Mtandao:
Naongezea, alamisho inatunza anwani tu, ukurasa ukifutwa huna kitu. Ule muhimu kabisa uhifadhi wenyewe, kuna kiendelezi kinaitwa SingleFile kinaubana ukurasa na picha zake kwenye faili moja la HTML unalisoma hata bila intaneti. Na ukikuta linki imekufa ipesti web.archive.org, Internet Archive wanakusanya kurasa tangu 1996, nyingi utazikuta.

Bi_Tafuta:
Ukifungua hizo za kusoma baadaye, bofya kile kialama cha ukurasa kulia kwa anwani kwenye Firefox, makorokoro yote yanaondoka yanabaki maandishi, na herufi unazikuza utakavyo. Macho yako yanahitaji hiyo mdau, kwa saa unazokaa hapo.