Kwa nini bakteria akiacha kuogelea anasimama papo hapo?

mdau_wa_hadubini
Wakuu habari zenu. Tumeangalia bakteria anayeitwa E. coli kwenye hadubini, kinachonishangaza ni vile anakimbia halafu ghafla kasimama, hasogei mbele hata kidogo. Samaki akiacha kupiga mkia si bado anaenda kidogo? Na maji si ni yaleyale jamani? Mwenye uelewa anifafanulie taratibu.

Kisima
Mkuu maji ni yaleyale ila yeye ndo mdogo mno. Ukiwa majini kuna mwendo wako unaotaka kuendelea na kuna mnato wa maji unaokuzuia, ukilinganisha hivyo viwili unapata namba ya Reynolds, ikiwa ndogo ujue mnato ndo unashinda. Kwa mtu anayeogelea inapita 10,000 huko, kwa E. coli haifiki hata 0.001. Yaani ni sawa na wewe kuogelea kwenye pipa la asali. Purcell, mwanafizikia wa Marekani, kwenye makala yake ya 1977 alipiga hesabu kwamba bakteria akizima mota inayomwogelesha anasimama ndani ya umbali mdogo kuliko atomu moja ya haidrojeni!! Kwa hiyo ulichokiona ndo chenyewe.

Sasa utamu uko hapa. Kwenye hali hiyo ukipeleka kasia kushoto halafu ukalirudisha kwa njia ileile, unarudi palepale ulipoanzia.

bint_pwani
Hata akipeleka kwa nguvu halafu akarudisha polepole?

Kisima
Hata hivyo dada, spidi haisaidii kitu, kinachohesabika ni umbo la njia tu. Labda awe kwenye ute mzito kama makamasi, huko sheria zinalegea. Ndo maana E. coli hapigi mkia kwenda na kurudi, anauzungusha. Ana nyuzi kadhaa zilizojisokota, kila moja na mota yake kwenye ukuta wa seli, zikikusanyika pamoja zinazunguka kama mara 100 kwa sekunde, na uzi mwembamba ukiuvuta kwa ubavu unazuiwa karibu mara mbili kuliko ukiuvuta kwa urefu, hiyo tofauti ndo inayomsukuma. Mota moja ikigeuza mzunguko nyuzi zinatawanyika, anapinduka kidogo halafu anashika njia nyingine.

Mzee_wa_Ziwa
Vijana mmenigusa, sisi huku Kanda ya Ziwa kichocho kinatutesa. Yule sakaria, kimelea mchanga wa kichocho anayetoka kwa konokono, ni mkubwa kuliko bakteria mara nyingi tu lakini mnato bado unambana, anapanda juu kwa kutanguliza mkia wenye panda. Na hali chochote, anatumia akiba aliyotoka nayo, asipopata ngozi ya mtu ndani ya siku moja hivi anakufa. Ningependa wanaosoma fizikia waingie huku, tunawahitaji.

mdau_wa_hadubini
Shikamoo mzee, nashukuru sana. Kisima, na mbegu za kiume je? Zile si zinapiga mkia kabisa?

Kisima
Zinapiga, ila angalia vizuri, mkia unapitisha wimbi kutoka kichwani kwenda nchani, na hilo wimbi halirudi nyuma.